Milango ya Bwana Sawasawa

Katika mji ule hakuna aliyeulizwa jina. Mgeni aliulizwa uzito, na uzito wenyewe haukuwa wa nyama na mifupa. Mbele ya Jumba palikuwa na mizani ya shaba, pana kama kitanda, na mtu alipopanda juu yake ilipima yale yaliyompata tangu azaliwe: misiba aliyoizika, harusi alizozicheza, safari, njaa, watoto, kazi zilizomchosha na vicheko vilivyomtoa machozi. Yote hayo yana uzito. Furaha nayo ina uzito, jambo ambalo wageni wengi hawakulijua, wakashangaa kuona mshale unapanda kwa ajili ya sikukuu moja ya utotoni ambayo wenyewe walikwisha kuisahau.

Tunu alikuwa fundi wa milango ya Jumba hilo. Namna alivyofika hapo hakuijua vizuri. Alikumbuka ameketi mbele ya kompyuta, mahali pengine, katika maisha mengine, akiandika programu kama ilivyokuwa kazi yake. Akainua macho ayapumzishe, na alipoyateremsha meza haikuwapo, wala ukuta, na mbele yake ulinyooka ukumbi mrefu wenye milango upande mmoja. Hakuogopa. Aliutambua ukumbi ule kama mtu anavyotambua jiko la nyumba aliyokulia. Ndio ule ule aliokuwa akiujenga kwa maneno: unaleta kitu kimoja, unakipitisha mbele ya milango kwa zamu, kila mlango unajiuliza kama kitu hicho kinalingana nao, na wa kwanza unaokubali unafunguka. Kikikataliwa na yote, upo wa mwisho usiouliza kitu. Katika programu zake Tunu aliuita mlango huo Vinginevyo. Humo ukumbini nao uliitwa Vinginevyo, na hilo lilimchekesha siku ya kwanza, ikiwa inafaa kusema siku ya kwanza mahali ambapo asubuhi hufuata asubuhi bila jioni kupita katikati, na juma lililokwisha huweza kurudi limenawa uso kana kwamba halijawahi kuja.

Milango yenye masharti ilikuwa mitatu. Wa Mapumziko ulielekea baraza lenye upepo, ambako wazee walikunywa kahawa na kubishana kwa raha. Wa Kazi ulielekea mashamba na karakana. Wa Mchezo ulielekea uwanja wa bembea na mchanga. Kila mlango ulikuwa na jiwe chini ya kizingiti, Mapumziko Jiwe Kuu, Kazi Jiwe la Kati, Mchezo jiwe dogo, na ulimfungulia mtu ambaye uzito wake ulilingana na jiwe hilo barabara, bila kuzidi wala kupungua hata punje ya ufuta. Mpiga mbiu wa Jumba, Makungu, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kutikisa vikombe kabatini, alimshika mgeni mkono, akapita naye mbele ya milango akiutangaza uzito wake. Milango ilijibu kwa maneno mawili tu. Sawa. Si sawa.

Mwenye Jumba alikuwa Bwana Sawasawa. Kanzu yake ilipigwa pasi hata mkunjo wa kushoto ukawa pacha wa mkunjo wa kulia. Alitembea katikati ya njia. Akipewa embe alirudisha embe, akisifiwa alisifu, akilaumiwa alilaumu kwa kiasi kile kile, na jua lilipomchoma bega moja aligeuka likachome la pili. Hakuwa mtu mbaya. Watu walimpenda kama mtu anavyoupenda ukuta ulionyooka.

Basi asubuhi moja, katika zile asubuhi zilizofuatana, walikuja Asumini na Rehani.

Walikuwa pacha, Kulwa na Doto, na maisha yao yote walikuwa wameyaishi ubavu kwa ubavu. Waliolewa wiki moja, wakawa wajane mwaka mmoja, wakalima shamba moja, wakagombana kuhusu chumvi ya mchuzi tangu usichana wao na ugomvi huo bado ulikuwa mbichi. Asumini alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo alitangulia kupanda mizani. Mshale ukasimama. Makungu akamfikisha kwenye mlango wa Mapumziko, akautangaza uzito, na mlango ukasema, "Sawa." Asumini akaingia, akageuka kizingitini kumngoja mwenzake, lakini milango ya Jumba haikujua kungoja. Mlango ukajifunga.

Rehani akapanda. Mshale ulikuwa unakaribia kusimama pale pale uliposimama kwa dada yake, na hapo ndipo alipoinua kichwa akamwona Tunu, bintiye, amesimama ukumbini na aproni ya kazi, patasi mkononi. Hakujua kama angemwona tena. Alicheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kufika machoni, na mshale ukasogea upana wa unywele.

"Si sawa," ukasema mlango wa Mapumziko.

"Amekosea nini?" Tunu akauliza.

Mlango haukujibu, haukuulizwa kwa lugha yake. Makungu akampitisha Rehani mbele ya Kazi, mbele ya Mchezo, si sawa, si sawa, mpaka akafika mwisho, na Vinginevyo ukafunguka bila swali. Mama akapita akimpungia mkono mwanawe, bado anacheka, maana hakuwa amefahamu.

Tunu alifahamu. Alisimama pale na patasi yake, na mawazo yalimjia vipande vipande. Ni mimi. Ni furaha ya kuniona. Imemzidishia, na kuzidi katika nyumba hii ni sawa na kutokuwapo. Yule aliyekaribia kabisa na yule ambaye hakukaribia hata kidogo wanapita mlango mmoja. Haidhuru umekosa kwa unywele au kwa mlima. Na je, ndugu hawa wawili, waliobeba maji kwa mtungi mmoja, nani atasema hawakulingana? Mizani imesema. Mizani haikusema uongo, ila aliyeisikiliza hakujua kusikiliza.

Alipopata nafasi aliufuata mlango wa Vinginevyo, akaingia.

Alikuwa akidhani atakuta watu wameketi wamejiinamia. Alikuta uani kuna moshi wa kuni, harufu ya samaki wa kupaka, watu wanacheza karata, mwanamke mmoja anamsuka mwenzake, na kelele kama za nyumba yenye harusi. Hao ndio waliokosa kulingana. Walikuwa wengi kuliko wote waliopita milango mingine, na kwa kuwa hakuna jiwe lililowataka, walijipangia mambo yao wenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa ule."

Tunu akakaa, akala. Mama akamweleza kwamba mahali pazuri, watu wakarimu, mchuzi wao una chumvi ya kutosha na angemwonyesha Asumini akome ubishi. Kisha akakunja upindo wa kanga.

"Ila hapa wote tunaitwa Mwingine," akasema. "Mpishi anaitwa Mwingine. Yule wa karata, Mwingine. Nilimuuliza mpishi jina lake la nyumbani, akafikiri, akafikiri, likamtoka. Alicheka, lakini nilimwona. Asubuhi hii nami nililitafuta langu, likachelewa kuja. Nilijua ni jina la majani yanayonukia. Nikaanza kuyataja yote, mkadi, mrehani, ndipo nikalikamata. Zamani nikisahau, Asumini alikuwa akiniita. Sikuwahi kujiita mwenyewe, sikuwa na haja."

Tunu akaacha kula. "Nitakutoa, Mama."

"Usinitoe. Nifikishe tu kwa dada yangu. Nikimkosa huyo, nitakuwa nimebaki nusu, na nusu yenyewe haina jina."

Bwana Sawasawa alimpokea fundi wake katikati ya sebule. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kimya kwa muda ule ule aliotumia Tunu kusema.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilitoka mji wa watu wanaopimana. Huyu kamzidi yule ng'ombe, yule kampita huyu kwa weupe wa meno, mke wa fulani mrefu kuliko mke wa fulani. Niliona ndugu wakichomeana vibanda kwa neno moja tu, neno 'kuliko'. Nikaapa nitajenga nyumba ambayo neno hilo halimo. Ndiyo maana milango yangu inajua kulingana tu. Anayelingana na jiwe hana wa kumwonea wivu, wala hana wa kumcheka. Wewe sasa unataka niwafundishe kusema huyu amezidi, yule amepungua?"

Swali lilikuwa la kweli, na lilikuwa la Tunu pia, maana naye alikwisha kuona watu wakipimana hadi wakavunjika. Lakini akamfikiria mama yake akitafuta jina lake katika orodha ya majani.

"Bwana, hao watu walimpima mtu kwa mtu," akasema polepole. "Mimi sitaki Rehani apimwe kwa Asumini. Nataka apimwe kwa jiwe. Jiwe halina wivu. Tena neno 'kuliko' halikuchoma vibanda. Walichoma watu. Neno lenyewe, ukilishika vizuri, ni pana. Kulingana kuna nafasi ya kusimama mtu mmoja. Kufika au kuzidi kuna nafasi ya umati."

Bwana Sawasawa akatazama viganja vyake, cha kushoto, kisha cha kulia. "Jaribu," akasema. "Nyumba ikiyumba, utarudisha kama ilivyokuwa."

Tunu akashika patasi. Chini ya maandishi ya zamani akachonga masharti mapya. Juu ya Mapumziko aliandika: Aliyefika au kuzidi Jiwe Kuu. Juu ya Kazi: Aliyefika au kuzidi Jiwe la Kati. Juu ya Mchezo: Asiyefika Jiwe la Kati. Akarudi nyuma, akayasoma kwa sauti, yakamridhisha. Watu wa Vinginevyo wakaitwa watoke wapite upya, na wageni waliokuwa nje wakapangwa nyuma yao. Rehani alikuwa wa kwanza, amejitanda kanga safi.

Makungu akatangaza uzito wake. Mlango wa Mapumziko ukanong'ona kitu ndani ya mbao zake, kisha ukasema, "Si sawa."

Wa Kazi ukasema vilevile. Wa Mchezo vilevile. Rehani akarudi Vinginevyo. Akafuata mpishi, naye akarudi. Wakafuata vijana wenye misuli, ambao uzito wao ulilingana na Jiwe la Kati barabara, nao wakakataliwa. Hata wale ambao jana wangepita leo hawakupita. Ukumbi wote ukamiminika Vinginevyo, uani pakajaa, mpishi akaongeza maji kwenye sufuria, mtu akaanza kupiga ngoma kwa ndoo. Waliokuwamo ndani walianza kuona kwamba fundi ametengeneza sherehe. Tunu peke yake alibaki ukumbini na jasho, akiyatazama maandishi yake ambayo kila neno lake lilikuwa sahihi.

Mwisho wa mstari alikuwapo Siwema, mwanamke mchanga aliyejifungua njiani, na mtoto wake alikuwa bado hajafumbua macho vizuri. Sheria ya Jumba ilitaka kila mtu apimwe peke yake. Siwema akamlaza mtoto juu ya shaba. Mshale haukutikisika; hakuna lililokwisha kumpata. Makungu akambeba kwa mikono miwili mikubwa, akafika mbele ya mlango wa wazee, na kwa sauti aliyoipunguza ili asimwamshe akatangaza, "Uzito wake, hakuna."

"Sawa," ukasema mlango.

Ukafunguka. Mikono ya kizee ikatokea ndani, ikampokea mtoto kama inavyopokea sahani ya pilau, na mlango ukajifunga.

Siwema alibaki amenyoosha mikono. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kwa wazee," akasema Makungu, naye amepigwa na bumbuwazi.

Sauti ya Asumini ikasikika nyuma ya mbao, imefifia lakini imejaa furaha: "Jamani, nani katuletea huyu? Huyu ana njaa. Mleteni mama yake, sisi tuna kahawa tu."

Siwema akapimwa haraka, akapelekwa, akakataliwa. Akapiga mlango kwa viganja. Upande wa pili mtoto akaanza kulia, kilio kidogo cha kudai haki yake, na kifua cha Siwema kikalowa maziwa. Hapo Tunu akaacha kusoma maandishi. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mbao, akauliza kwa lugha ya milango, ambayo ni kuuliza jambo moja tu kwa wakati mmoja.

"Ulisoma nini?"

"Nilisoma ulichoandika," ukasema mlango. Sauti yake ilikuwa ya mzee mwenye adabu. "Je, amefika au kuzidi Jiwe Kuu. Nikatazama. Mtoto hajafika. Nikapata jibu. Hapana."

"Ukafanyaje na jibu?"

"Nikalilinganisha. Kazi yangu ni kulinganisha, fundi. Huku nina Hapana. Huku Makungu kaniletea Hakuna. Nikaviweka pamoja. Hapana. Hakuna. Ndugu wa tumbo moja hao. Vimelingana. Nikafungua."

"Na Rehani?"

"Rehani amezidi. Nikapata Ndiyo. Huku nina Ndiyo, huku Makungu kaniletea uzito wa mama mtu mzima, na misiba yake na harusi zake. Nikaviweka pamoja. Ndiyo ni neno. Mama ni mama. Havilingani. Nikafunga, na roho iliniuma."

Tunu akabaki pale magotini, shavu kwenye mbao, na alianza kutabasamu kabla hajajua kwa nini. Kule kwenye maisha yake mengine alikwisha kuona kosa hili, likamchosha akili mchana kutwa: unaandika swali pale mlango unapotarajia jibu, na mlango kwa utii wake unalichukua jibu la swali lako na kulilinganisha na mtu. Umeuliza kama mtu amefika. Mlango umepata ndiyo. Kisha unamuuliza mtu: je, wewe ni Ndiyo? Na nani duniani ni Ndiyo? Mtu ana uzito, ana mama, ana chumvi anayoipenda. Hakuna mtu ambaye ni jibu. Kosa halikuwa juu ya mlango, wala halikuwa ndani ya mlango. Lilikuwa katika kile kinachopitishwa mbele yake.

Akasimama. "Makungu, kaka yangu, usitangaze tena uzito. Uzito uache pale kwenye mizani, kila mlango utautazama wenyewe. Wewe ukifika mbele ya mlango sema neno moja tu."

"Neno gani?"

"Ndiyo."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu. Mlango utajiuliza swali lake. Ukipata Ndiyo, italingana na Ndiyo yako, utafunguka. Ukipata Hapana, utamwacha aendelee kwa jirani. Hatumpitishi tena mtu mbele ya milango akaguliwe. Tunaipitisha kweli, na mtu anaingia nyuma yake."

Makungu akafikiri, akakohoa kusafisha koo. Bwana Sawasawa alikuwa amefika, amesimama katikati ya ukumbi, anakisikia kilio cha mtoto, na mikunjo ya kanzu yake kwa mara ya kwanza haikuwa pacha.

"Ngoja," akasema. "Ikiwa milango itafungua kwa kufika na kuzidi, basi Kazi itangulie. Kazi ni heshima. Sitaki watu waseme nyumba yangu inaanza na kupumzika."

Tunu alitaka kumzuia, lakini mtoto alikuwa analia, na mabawabu wa Jumba walikwisha kuing'oa milango bawabani na kuibadilisha nafasi. Rehani akapitishwa. "Ndiyo," akanguruma Makungu mbele ya Kazi, na mlango ukafunguka palepale, kwa bashasha, ukimkaribisha. Baada ya kitambo kidogo Rehani akatokea dirishani ameshika jembe.

"Tunu," akaita, "huku wamenipa matuta ya viazi. Nilidhani nimestaafu."

Watu wakacheka, na Bwana Sawasawa akauliza kwa dhati kosa liko wapi, maana mlango umesema kweli.

"Mlango umesema kweli, Bwana. Mama amelizidi Jiwe la Kati, kama kila aliyelizidi Jiwe Kuu. Ila mlango wa kwanza kupata kweli ndio unaomchukua mtu, na wa pili hata hauulizwi. Maswali yote haya ni ya haki. Lakini anayeamua lipi litangulie ndiye anayeamua watu waishi wapi." Tunu akamtazama usoni. "Wewe uliamua sasa hivi, bila kunyanyua hata jiwe."

Bwana Sawasawa alivitazama vizingiti vyote vitatu, kimoja kimoja. Alikuwa ametawala miaka isiyohesabika akiamini kwamba hatawali, kwamba mawe ndiyo yanayotawala. "Rudisheni Mapumziko mbele," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Wakarudisha. Makungu akamshika Rehani mkono, naye amekwisha kuweka jembe chini na kujikung'uta udongo. Mlango wa Mapumziko ukanong'ona. Ndani yake uliona mshale, uliona jiwe, uliona kwamba mshale umelipita jiwe kwa upana wa kicheko kimoja.

"Ndiyo," akasema Makungu.

"Sawa," ukasema mlango.

Asumini alikuwa amesimama palepale kizingitini, mtoto begani. Hawakukumbatiana kwanza. Asumini alimwita, "Rehani," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwenzake aje atazame maziwa jikoni yasifurike. Na Rehani akafumba macho, akaliacha jina lake limwingie lote, kisha akasema, "Mchuzi wa kule una chumvi kuliko wako." Ndipo wakashikana.

Makungu akamchukua mtoto, akampitisha upya. Mapumziko ukasema si sawa, Kazi ukasema si sawa, na Mchezo, uliotaka wasiofika, ukafunguka kwa yule ambaye alikuwa bado hajafika popote. Siwema alipita kupitia Kazi, na ikagundulika kwamba bustani ya Kazi na uwanja wa Mchezo vinagawana ua wa michongoma wenye mwanya mkubwa, ambao Siwema aliupita bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyemkataza. Alikaa kwenye bembea akamnyonyesha mwanawe, na bembea ikayumba polepole.

Mchana kutwa watu walitoka Vinginevyo, wakapita, wakafunguliwa. Kila aliyepita aliitwa na mtu upande wa pili, na majina yalirudi yakigongana ukumbini kama vyombo siku ya shughuli. Hakuna aliyemchomea mwenzake kibanda. Waliolizidi jiwe kwa punje na waliolizidi kwa gunia waliketi baraza moja, na hakuna aliyetaka kujua nani ni nani.

Mstari ulipokwisha, Bwana Sawasawa alivua viatu. Tunu alidhani anakwenda kuswali. Alikwenda kupanda mizani.

"Sijawahi," akasema. "Niliijenga nikampisha mgeni wa kwanza."

Mshale ukatetemeka. Haukupanda. Haukubaki chini pia, mahali ulipobaki kwa mtoto. Ulizunguka, ukazunguka tena, ukarudi nyuma, haukutaka mahali. Makungu akainama kusoma, akanyanyuka, akainama tena. "Bwana," akasema kwa sauti ambayo haikutikisa hata kikombe, "hii si namba."

Tunu alielewa, na moyo ulimwendea yule mzee. Kila embe alilopewa alikuwa amelirudisha. Kila sifa, kila lawama, kila tone la jua. Alichogawana na watu ni hakuna, na watu aliogawana nao ni hakuna; na hakuna ikigawanywa kwa hakuna, hata mizani ya shaba haijui iseme nini.

Makungu akamshika mkono, akampitisha. Ndiyo, akasema mbele ya Mapumziko. Je, amefika au kuzidi? Hapana. Ndiyo, mbele ya Kazi. Hapana. Ndiyo, mbele ya Mchezo. Je, hajafika? Hapana pia, maana asiye na mahali hawezi hata kupungukiwa. Bwana Sawasawa akasimama mbele ya mlango huo wa tatu na kuweka kiganja kwenye mbao.

"Nikuulize jambo moja," akasema. "Wewe unajua kulinganisha. Je, mimi ninalingana na mimi?"

Mlango ulitazama muda mrefu, kwa sababu ulimpenda. "Si sawa, Bwana," ukasema, maana kisicho namba hakilingani hata na chenyewe.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiihisi. Makungu akamfikisha mwisho wa ukumbi. Vinginevyo haukuuliza kitu. Ukafunguka.

Uani walikuwa wamebaki wachache, wale waliopapenda hapo kuliko mahali popote, na mpishi alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amepita Mapumziko mchana, akaitwa na mumewe jina lake, Mwanamvua, akalibeba akarudi nalo kwenye sufuria zake. Alimtazama mgeni katika kanzu yake safi, akamsogezea mbuzi ya kukunia na nusu ya nazi.

"Kaa hapo ukune," akasema. "Juu juu, usifike kwenye kifuu."

Bwana Sawasawa akakaa. Alikuna vibaya sana. Chembe za nazi zilimrukia kifuani, kwenye ndevu, upande mmoja zaidi ya upande wa pili. Tunu, aliyekuwa amemfuata hadi kizingitini, aliona meno ya mbuzi yakimpitia mzee kidole gumba. Mzee alikiinua kidole machoni, akaitazama damu yake, jambo la kwanza kumpata ambalo hakuwa na wa kumrudishia, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepiga hodi nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanamvua akageuka kuona kinachomchekesha.